Marehemu Ana Wenyewe

Mshtakiwa akikiri kosa kwa mapatano, serikali huokoa muda na gharama. Je, wafiwa?

Tutazame Marekani. Ahmaud Arbery, kijana Mweusi, aliuawa Georgia mwaka 2020. Januari 2022, baba na mwana waliokwisha hukumiwa maisha na mahakama ya jimbo walipatana na waendesha mashtaka wa serikali kuu: wakiri chuki ya rangi, wahamishiwe jela ya serikali kuu kwa miaka 30. Mama wa marehemu akamsihi jaji asiwape wauaji jela waipendayo. Jaji akayakataa mapatano. Februari wakapatikana na hatia ya chuki hiyo hiyo. Agosti wakapewa kifungo kingine cha maisha.

Sheria ya huko haiwapi wafiwa uamuzi wa mwisho. Inawapa haki ya kusikilizwa. Basi wasikilizwe kabla ya saini kutiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.