Hema la Baba: Siku Mbili za Jamaa Kando ya Ziwa Mburo

Kwa askari, hema ni kazi. Amelala ndani yake penye mvua na vumbi, amelikunja gizani na kulisimamisha tena kabla ya mapambazuko. Kwa watoto wake, hema ni mahali baba alipokwenda. Hivyo, likizo inapofika, yafaa jamaa nzima ilale katika hema moja, walau mara moja kwa mwaka, ili neno hilo lipate maana nyingine nyumbani.

Nchini Uganda mahali panapofaa sana kwa safari hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyo magharibi, kiasi cha kilomita 230 kutoka Kampala kwa barabara ya Masaka na Mbarara. Njiani, penye mji mdogo wa Kayabwe, msafiri huvuka mstari wa Ikweta. Eneo hilo liliwekwa chini ya sheria ya uwindaji mwaka 1933, likafanywa pori la akiba mwaka 1963, na mwaka 1983 likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 370 hivi. Ndani yake mna maziwa matano, na humo wanaishi punda milia, swala pala, pofu, nyamera, nyati, ngiri, viboko na mamba. Twiga 15 waliletwa mwaka 2015 kutoka Murchison Falls. Tembo hawapo, jambo linalompa nafuu mtu anayepita porini juu ya farasi.

Naam, juu ya farasi. Katika nchi zetu mnyama huyu ni adimu, wala si kwa bahati mbaya tu. Mbung'o humwambukiza nagana, na visubi humletea maradhi mengine ya kuua yaitwayo tauni ya farasi. Anayefuga farasi hana budi kuwa macho mchana na usiku. Lakini pale Mburo huduma ya kuwapanda ipo, na faida yake ni ya ajabu. Punda milia na pofu, ambao humkimbia mtu anayekwenda kwa miguu, humwacha farasi asogee karibu, kwa kuwa wanaona mnyama wa miguu minne anayekula majani kama wao.

Na ichukuliwe kwa mfano jamaa ya watu sita: baba ni sajini, mama, na watoto wanne. Kwa muda wa miezi minane waliweka akiba kidogo kidogo, maana ada ya kuingia, ya kupiga kambi na hasa ya farasi si ndogo. Waliuliza mapema masharti ya umri na uzito, wakaamua kupanda kwa saa moja tu. Waliazima hema la pili kwa jirani, wakalisimamisha uani kwanza ili kuona kama kigingi au kamba imepungua. Wengi hugundua upungufu huo usiku, mvua ikinyesha.

Walipofika, baba alianza kutoa amri: wewe leta hiki, wewe simama pale. Mama alimwita kando, akamwambia kwa upole, "Baba Juma, hawa si kikosi chako. Waonyeshe, usiwaamrishe." Baba akacheka, akapiga magoti, akamfundisha mtoto wa pili kufunga kamba. Lakini mama naye alikuwa na haki ya kudai jambo moja: siku hizo mbili asiwe mpishi wa peke yake. Safari ambayo mama anahamisha jiko lake porini huku wengine wakipumzika si mapumziko ya jamaa. Askari aliyejipikia kazini anaweza kuwapikia watoto wake pia.

Asubuhi ya Jumamosi walikwenda kwa farasi. Mtunzaji aliwafundisha mambo machache ya lazima. Farasi huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma ya mkia. Basi asiendewe kwa nyuma, bali kutoka ubavuni, karibu na bega, huku akisemeshwa. Masikio yakilazwa nyuma, amekasirika. Kofia ngumu ivaliwe na kufungwa kidevuni. Kiatu kiwe na kisigino kidogo ili mguu usipenye kikuku na kunaswa. Kabla ya kupanda, mkanda wa tumbo ukaguliwe, la sivyo tandiko litateleza. Hatamu zishikwe kwa wepesi, kwa sababu mdomo wa farasi una lijamu na huumia.

Juma, mwana wa kwanza wa kiume, mwenye miaka tisa, alimtazama farasi akarudi nyuma. Ndugu zake walianza kumcheka. Hapo ndipo safari nzima ingeweza kuharibika, kwani mtoto aliyelazimishwa na kuchekwa hujifunza kuficha hofu yake tu. Baba aliwanyamazisha wenzake, akachuchumaa. "Hata mimi niliogopa siku ya kwanza kazini," akamwambia. Mtoto hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwa baba yake. Alipewa konzi ya majani, akafundishwa kuyaweka juu ya kiganja kilichonyooshwa, vidole visiumwe. Farasi alikula. Baada ya robo saa Juma alipanda mwenyewe, mtunzaji akamwongoza kwa kamba, na punda milia wakainua vichwa kuwatazama, kisha wakaendelea kula.

Jioni ikawa zamu ya moto. Ndani ya hifadhi si ruhusa kukata miti, hivyo kuni zilinunuliwa. Moto uliwashwa mahali palipotengwa, mbali na mahema, upande ambao upepo hauyapelekei cheche, na ndoo ya maji ikawekwa karibu. Kosa la wapishi wengi wa porini ni kupikia juu ya ndimi za moto: chakula huungua nje, kikabaki kibichi ndani. Kuni ziachwe ziwe makaa kwanza.

Baba alimenya ndizi, akazifunga kwa majani ya mgomba waliyoyaleta kutoka nyumbani, akaziweka ndani ya sufuria yenye maji kidogo chini, akafunika. Kwa mchuzi wa watu sita alichukua vikombe viwili vya karanga zilizosagwa, vikombe vinne vya maji, nyanya tatu, kitunguu kimoja na vipande vya samaki mkavu, akakoroga mfululizo juu ya makaa hafifu mpaka mchuzi ukawa mzito. Viazi vitamu vilifukiwa katika majivu ya moto kwa muda wa saa moja hivi. Maji ya kunywa yalichemshwa mpaka yakatokota sawasawa.

Mtoto akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Isipakwe siagi wala dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa, apelekwe hospitali mara moja.

Usiku viboko hutoka ziwani kula nyasi, na hufika hata kambini. Si wanyama wa kuchezewa. Mtu asisimame kati ya kiboko na maji, asitoke hemani bila tochi, na watoto wasitoke peke yao. Askari wa wanyamapori waulizwe njia. Kuogelea ni mwiko kwa sababu ya viboko na mamba. Chandarua kisisahauliwe, kwani mbu wa malaria hawajui kuwa ni likizo.

Siku ya Jumapili takataka zote zilikusanywa na kurudishwa mjini. Makaa yalimwagiwa maji, yakakorogwa, yakamwagiwa tena, mpaka mkono uliokaribishwa juu yake haukuhisi joto. Nyumbani, mahema yalianikwa kabla ya kukunjwa, kwa maana hema likihifadhiwa na unyevu huoza.

Jumatatu baba alirudi kambini kwake. Mkewe alipokusanya nguo za kufua, Juma alikataa kutoa shati lake. Alisema bado linanuka moshi wa kule, na kwamba angelivaa mpaka baba atakaporudi. Mama alimwachia siku mbili, kisha akalifua.