Noeli Mlimani, Mwaka Mpya Ziwani

Mwatujua sisi watu wa Mbinga: Desemba kwetu ni mwezi wa sikukuu na mwezi wa jembe pamoja. Mvua huanza Novemba, na Noeli inapofika mahindi yamekwisha kuota juu ya matuta ya ngoro, na magugu nayo hayakungojea mtu. Fedha za kahawa, ambazo mwezi wa Agosti zilionekana kuwa nyingi, sasa zahesabiwa moja moja. Na Januari yuko mlangoni, ameshika mkononi orodha ya sare, viatu na madaftari. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada toka darasa la kwanza hata kidato cha nne. Lakini mtoto haendi shule amevaa msamaha wa ada.

Mimi ni mwalimu, na kama walimu wengi wa huku nina kishamba cha kahawa. Mke wangu ni mzaliwa wa Liuli, katika pwani ya Ziwa Nyasa. Mungu ametujalia watoto watatu: binti wa miaka tisa, mvulana wa miaka sita, na mdogo wao wa miaka mitatu. Nataka kuwapasha habari za sikukuu yetu ya mwaka 2024, jinsi ilivyokuwa, pamoja na jambo lisilonipa sifa.

Jambo hilo lilianza Noeli ya mwaka 2023. Babu yao wa Liuli alikuwa ameleta neno kwa simu kwamba anataka kuwaona wajukuu, kwa maana nguvu zinampungukia. Nikawaambia watoto, “Baada ya sikukuu tutakwenda.” Wakafurahi, wakaanza kuhesabu siku kwa kuchora mistari ya makaa ukutani. Lakini siku zile nilipata mtu auzaye bati kwa bei nafuu, nami nilikuwa na chumba kisichoezekwa. Nauli ya watu watano ikawa bati. Nikasema, “Tutakwenda Pasaka.” Mke wangu hakusema neno, alichukua kitambaa akaifuta mistari ile ukutani. Hata Februari 2024, Kwaresima ilipokuwa imeanza tu, tukapigiwa simu usiku kwamba mzee amefariki. Tulikwenda kuzika sisi wawili, watoto tukawaacha kwa jirani, kwa kuwa shule zilikuwa wazi na fedha haikutosha. Basi hawakumwona babu yao akiwa hai, wala hawakumwona akizikwa.

Chumba kile sasa kina bati. Mvua ikinyesha usiku husikika vizuri sana.

Noeli yenyewe ya mwaka 2024 tuliifanya nyumbani. Watoto walifinyanga ng'ombe na kondoo wa udongo kwa ajili ya pango. Ng'ombe mmoja alikuwa na miguu mitatu, nao hawakukubali aondolewe. Usiku tulikwenda Misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Kiliani. Jimbo letu la Mbinga liliundwa mwaka 1986, kwa kugawa Jimbo la Songea, na jina la Kiliani latukumbusha urafiki wetu na Jimbo la Würzburg la huko Ujerumani, ambako mtakatifu huyo aliuawa kwa ajili ya imani. Mdogo wetu alilala kabla ya somo la kwanza, akaamka wakati wa sadaka, akauliza kwa sauti kuu kama wali umekwisha iva. Siku ya pili tuliula kweli, pamoja na kuku, nasi tukapeleka sahani kwa wale majirani waliotulelea watoto mwezi wa Februari.

Ijumaa tarehe 27 tukaondoka alfajiri. Kutoka Mbinga hata Mbamba Bay ni kilometa 66. Mke wangu asimulia kwamba alipokuwa msichana, safari hii wakati wa masika haikuwa na saa: watu walishuka garini, wakasukuma, wakapanda, wakashuka tena, na mwisho walifika wamevaa matope. Leo njia ni ya lami, nayo yazunguka mlima na kushuka, yazunguka na kushuka tena. Milima ya Umatengo hufika hata mita 2,000 juu ya bahari, na ziwa liko chini kwenye mita 475 hivi; kwa hiyo mtu hushuka nchi mbili kwa safari moja. Pande zote mbili za barabara tuliona ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama masega ya nyuki, ambayo wazee wetu waliyabuni ili maji ya mvua yakae shimoni yasiuchukue udongo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari ya kukatana, na wanawake huchimba na kuyafukia. (Mwanamke mmoja garini alisema kwa kucheka kwamba wageni wakija kupiga picha za ngoro huwapiga picha wanaume. Hakuna mwanamume aliyemjibu.)

Tulipozidi kushuka masikio yakaziba, watoto wakavua masweta. Kisha tukaona miembe. Na nyuma ya miembe, maji.

Mvulana wetu hakuwa amepata kuliona ziwa. Alitazama kitambo, akauliza, “Ng'ambo yake iko wapi?” Nikamwambia ng'ambo ni Malawi, na kwamba kwa urefu ziwa hili lazidi kilometa 550, na kina chake katika mahali penye kina kirefu ni kama mita 700. Hesabu hizo hazikumfaa kitu. Lililomshangaza ni moshi mweusi uliosimama mbali juu ya maji, kana kwamba kuna moto ziwani. Mama yake akamwambia kwamba ule si moshi; ni kungu, wadudu wadogo mno watokao majini kwa maelfu elfu na kupanda juu pamoja. Upepo ukiwaleta pwani, watu huwakusanya, wakawaponda na kufanya maandazi yao. Tangu saa ile mtoto alitaka upepo ugeuke.

Kutoka Mbamba Bay tulifuata pwani kuelekea kaskazini hata Liuli. Bibi alikuwa amesimama chini ya mwembe, amejifunga khanga mbili. Watoto wakamwamkia, “Shikamoo bibi,” naye akawaitikia, kisha akawapima mmoja mmoja kwa kiganja chake, toka ardhini hata utosini, kama mtu apimaye nguo. Hakulia. Alipomaliza aliwaongoza moja kwa moja kaburini, kabla ya maji na kabla ya chakula. Akasema, “Babu yenu ni huyu. Mwamkieni.” Wakamwamkia. Mimi nilisimama nyuma, nikaangalia viatu vyangu.

Siku zilizofuata zilikuwa za maembe na samaki. Bibi alikuwa na amri moja tu: mtoto asiingie majini pasipo mtu mzima, kwa kuwa ziwa hili hugeuka kwa nusu saa, na mamba hana sikukuu. Bibi ni wa kanisa la Anglikana, kama walivyo wengi wa pwani hii, na binti yetu aliuliza sababu. Akajibiwa habari za wamisionari wa UMCA, waliofanya makao yao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, wakaanza kuzunguka ziwa kwa meli, kijiji hata kijiji. Mmoja wao, William Percival Johnson, alikaa katika nchi za ziwa zaidi ya miaka arobaini, akiwa na macho yasiyoona vema, akafa hapo Liuli mwaka 1928. Kaburi lake liko hapo, nasi tulilizuru. Tena tuliliona jiwe la Pomonda, ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu ya Misri, wakaiita bandari hii Sphinxhafen. Ndipo hapa, mwezi wa Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoipiga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita imetangazwa. Mvulana wetu alipenda sana habari hii, akaicheza siku mbili kwa maganda ya maembe.

Usiku mwezi ulikuwa umeandama, giza lilikuwa tele, na wavuvi wa usipa walitoka na taa zao. Hapo nyumbani kwa bibi tuliona taa nyingi juu ya maji, mstari mmoja mrefu, kama mji uliojengwa jioni ile. Asubuhi usipa waliletwa na kuanikwa juu ya vichanja, na binti yetu alijifunza kuwageuza na kuwafukuza kunguru. Bibi alimtazama sana akifanya kazi ile.

Hata jioni ya tarehe 31, baada ya kula, alisema neno lake. Alisema na mke wangu, nami nimeketi kando, kama ilivyo adabu ya mkwe. Akasema nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Akasema hana wa kumchotea maji wala wa kumwita usiku akiugua. Akasema shule iko karibu, na mtoto huyu wa kike ana mikono mizuri. “Niachieni huyu.”

Wasomaji, katika desturi zetu ombi hili si geni. Wengi wetu tulilelewa na bibi, wala hatukuharibika. Nami moyoni nilikuwa tayari kukubali mara moja. Nilijiona nina deni katika nyumba ile, na hapa palikuwa na njia ya kulilipa. Nikamwita mke wangu nje, nikamwambia, “Tumwache.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Baba, deni ni lako. Usilipe kwa mtoto.”

Sikupata la kujibu. Tuliporudi ndani tulifanya kama tunavyofanya kila mwaka usiku ule: kila mtu hutaja jambo moja la kumshukuru Mungu na jambo moja la kuomba radhi, toka mdogo hata mkubwa. Mdogo alishukuru kwa maembe. Mvulana aliomba radhi kwa kumfunga kamba mbuzi wa jirani. Binti alishukuru kwa kumjua bibi, akasema haombi radhi ya kitu, labda kesho. Zamu yangu ilipofika niliomba radhi kwa mama mkwe, mbele ya watoto, kwa safari ile ya mwaka 2023. Nikasema kwamba nauli niliifanya bati. Nikaahidi kwamba tangu sasa watoto watakuja kila likizo ya Juni na kila Desemba.

Mvulana akauliza, “Baba, hii ni ahadi ya kweli au ahadi ya bati?”

Mke wangu aliinamisha uso, nadhani alicheka. Bibi hakucheka. Alikaa kimya mpaka wavuvi wakasikika wakiitana kule majini, kisha akasema na mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza jioni ile: “Mkwe wangu, Juni si ndio mwanzo wa kuchuma kahawa? Utasema mikono haitoshi.” Alijua mambo yetu ya mlimani kuliko nilivyodhani. Nikasema, “Mama, ni kweli, nitasema hivyo.” Akasema, “Basi nauli ya Juni nipe leo, niiweke mimi.”

Nilikuwa na fedha mfukoni, nazo zilikuwa za viatu vya shule. Nikatazamana na mke wangu. Akatikisa kichwa kukubali, maana viatu vya mwaka jana vyaweza kushonwa. Nikahesabu nauli ya watoto watatu, kwenda na kurudi, mbele ya taa. Bibi naye akaihesabu tena, akaifunga katika pindo la khanga, fundo juu ya fundo. Habari ya kumwacha binti haikutajwa tena, ila asubuhi ya Mwaka Mpya bibi alimfundisha kuchagua usipa waliokauka vema na wasiokauka, akamwambia kwamba mwezi wa Juni atamwuliza.

Tarehe 2 Januari tukapanda tena mlimani na kikapu cha usipa na kimoja cha maembe. Masweta yakavaliwa kabla hatujafika Mbinga. Magugu yalikuwa yamefika magotini, na tangu siku ile tuko shambani. Viatu vimeshonwa. Ukutani kuna mistari mipya ya makaa, nami nimekatazwa kuigusa.