Simu humkumbusha mama, nauli humfikisha kliniki

MZAZI anayempeleka mtoto wake kliniki kwa mara ya kwanza, awe wa Mtoni wilayani Temeke au wa kijiji cha mbali, mara nyingi huulizwa jina, mahali anapoishi na namba ya simu. Wengi hulichukulia swali la simu kuwa la kujaza daftari tu. Hata hivyo, namba hiyo ndiyo njia rahisi ya kumpata mtoto iwapo hatarudi kwa chanjo inayofuata.

Ratiba ya chanjo nchini ni ndefu. Mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa, kisha hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14 kwa chanjo za magonjwa yakiwamo dondakoo, kifaduro, pepopunda, nimonia na kuhara. Chanjo ya surua na rubella hutolewa katika umri wa miezi tisa na kurudiwa miezi 18.

Ugumu uko katika kipindi kirefu kati ya wiki ya 14 na mwezi wa tisa. Mtoto ana afya njema, mama amerejea kwenye biashara yake, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi husahaulika. Surua haisubiri. Ili isisambae, takriban watoto 95 kati ya 100 wanapaswa kuwa na kinga. Mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 uliikumba Dar es Salaam yenyewe, na mwaka 2022 ugonjwa huo uliua watoto katika Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi.

Ni hapo simu inapopata kazi. Mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za chanjo, ulioanzia mkoani Arusha na kuenezwa katika mikoa mingine, humwezesha muuguzi kuona orodha ya watoto waliopitiliza tarehe bila kupekua madaftari. Kutoka kwenye orodha hiyo, mzazi anaweza kupigiwa au kutumiwa ujumbe.

Je, simu zinasaidia kweli? Zanzibar ilitoa sehemu ya jibu kupitia mradi wa Wired Mothers, uliofanyika mwaka 2009 na 2010 katika vituo 24 vya afya na kuwahusisha wajawazito 2,550. Waliohudumiwa na vituo vya mradi walipata ujumbe wa kuwakumbusha pamoja na vocha za kuwapigia wahudumu. Miongoni mwao, asilimia 44 walihudhuria kliniki ya wajawazito mara nne au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 31 ya wengine. Waliojifungua kwa msaada wa mtaalamu walikuwa asilimia 60 dhidi ya 47. Hata hivyo, kwa upande wa kujifungua, manufaa yalionekana kwa wanawake wa mjini. Wa vijijini hawakufikiwa.

Utafiti mwingine, ulioanza mwaka 2013 katika vijiji 152 magharibi mwa Kenya, ulihusu chanjo moja kwa moja. Watoto ambao wazazi wao hawakutumiwa chochote walikamilisha chanjo kwa asilimia 82. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti kubwa ya kutegemewa. Lakini pale ujumbe ulipoambatana na Sh200 za Kenya, zilizotumwa kwa simu kila mtoto alipochanjwa kwa wakati, kiwango kilifikia asilimia 90.

Matokeo hayo yanaonyesha kwamba si kila mzazi anayekosa kliniki amesahau. Chanjo hutolewa bure katika vituo vya umma, lakini nauli na kibarua cha siku nzima si bure. Kwa anayeishi mbali, simu bila usafiri, au bila huduma ya chanjo inayomfuata kijijini, humkumbusha tu safari asiyoiweza.

Mtoni, ambako kituo cha afya hakiko mbali, kikwazo ni kingine. Wapangaji huhama, laini hubadilishwa, na pengine namba iliyoandikwa ni ya baba anayeshinda kazini. Aidha, mtoto ambaye hajawahi kufikishwa kliniki hana namba ya kupigiwa. Huyo hutafutwa kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kwa mzazi aliyekwisha kuandikishwa, hatua ya kwanza ni nyepesi: atoe namba inayopatikana, aongeze ya jirani au ndugu, na akihama aende na kadi ya mtoto katika kituo kipya.