Wahafidhina wa Marekani na barabara ya Shasha

Shasha ni kijiji kando ya Ziwa Kivu, wilayani Masisi, kwenye barabara inayotoka Sake kuelekea Minova na Bukavu. Mwezi Februari 2024, vita kati ya jeshi la FARDC na waasi wa M23 vilipofika hapo, barabara ilikatika na vyakula vya kupeleka Goma vikapitia ziwani. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma. Makumi ya watu walikufa katika safari ambayo zamani ilifanywa kwa gari, kwa kupitia Shasha.

Hali ya barabara hiyo inategemea mengi, na mojawapo ni mawazo ya watu wasioijua kabisa. Tangu Januari 2025 Washington inaongozwa tena na wahafidhina, watu wa mrengo wa kulia wanaopenda serikali ndogo, soko huru na maadili ya dini. Huku Kivu mara nyingi wanasemwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kuhusu Kongo wamekuwa na nyumba mbili, na nyumba hizo hazielewani.

Ya kwanza ni ya Sam Brownback. Mwaka 2009, akiwa seneta wa Kansas kwa chama cha Republican na mpinzani mkubwa wa utoaji mimba, aliungana na Wademokrati Dick Durbin na Russ Feingold kupeleka muswada kuhusu madini ya vita ya Kongo. Mwaka uliofuata wazo hilo liliingizwa katika sheria kubwa ya mabenki, iliyotiwa saini mwezi Julai 2010, katika kifungu cha 1502. Kampuni inayouza hisa zake Marekani na kutumia bati, koltani, wolframu au dhahabu ililazimika kueleza kama madini hayo yametoka Kongo au nchi jirani. Katika Kivu ikaitwa "sheria ya Obama", kwa kuwa Obama ndiye aliyeitia saini. Jina la yule mhafidhina wa Kansas halikufika migodini.

Pigo lilifika. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, akilaumu mtandao wa kimafia katika biashara hiyo. Marufuku ilidumu hadi Machi 2011. Ilipoondolewa, wanunuzi wengi wa ng'ambo walikuwa wameanza kukimbia, kwa sababu ni rahisi kununua pengine kuliko kujieleza. Mchimbaji wa Masisi au wa Walikale aliyelipia watoto shule kwa koleo lake akarudi nyumbani mikono mitupu, au akahamia kwenye dhahabu, ambayo hufichika mfukoni. Baadaye vibandiko vyenye namba vilianza kufungwa kwenye mifuko ya madini na biashara halali ikarudi polepole, kwa bei ambayo mchimbaji hakuipanga.

Nyumba ya pili ni ya soko. Wenye viwanda wa Marekani waliishitaki sheria hiyo wakapata ushindi wa nusu. Mwaka 2017, mwanzoni mwa utawala wa kwanza wa Donald Trump, ofisi inayosimamia masoko ya hisa ilitangaza kwamba haitafuatilia sehemu yake ngumu. Baraza la Wawakilishi likapiga kura kuifuta, Seneti haikufuata. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria inaumiza maskini wale wale inaodai kuwalinda, na haikuwa hoja ya uongo. Septemba 2014 wataalamu wapatao 70, wakiwemo Wakongomani, walikuwa wameandika barua ya wazi wakisema karibu hivyo hivyo. Ila wale 70 waliomba njia bora zaidi. Makampuni yaliomba kuachwa.

Kisha nyumba hiyo ya pili nayo ikageuka. Rubaya, juu huko Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani yote duniani. M23 waliiteka mwisho wa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kodi wanazotoza hapo kuwa dola 800,000 hivi kwa mwezi. Agosti 2025 serikali ya Trump iliweka vikwazo kwa sababu ya madini ya Rubaya: kwa kundi la PARECO-FF, kwa ushirika mmoja na kwa makampuni mawili ya Hong Kong. Inaonekana hofu ya China imefanya kazi iliyoishinda huruma.

Hata shule zimo katika mjadala huu. Tarehe 20 Machi 2025 Trump alitoa amri ya kuanza kuvunja wizara ya elimu, ili shule zirudi kwa majimbo na wazazi. Anayetaka kuona shule ambayo dola imejiweka kando angefunga safari hadi Masisi. Makanisa yanasimamia shule nyingi kwa mkataba wa 1977, na tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliowalipa walimu, hadi elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2019. Makanisa yalijitahidi, wazazi walijinyima, na watoto wengi walibaki nyumbani kwa kukosa ada.

Kwenye misaada mawazo hayo hayo yalipiga haraka zaidi. Mwaka 2024 Marekani ililipa karibu asilimia 70 ya misaada ya dharura nchini Kongo. USAID ilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Mlango wa wakimbizi ulikuwa umefungwa tangu Januari, baada ya mwaka ambao Wakongomani karibu 20,000 walipokelewa, wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote.

Na ni serikali hiyo hiyo iliyowakalisha Washington mawaziri wa Kongo na Rwanda, tarehe 27 Juni 2025, kutia saini mkataba wa amani. Tarehe 4 Desemba Rais Tshisekedi na Rais Kagame waliuthibitisha mbele ya Trump, na siku hiyo hiyo Kinshasa na Washington zikasaini ushirikiano kuhusu madini. Haikupita wiki mbili, M23 wakaingia Uvira.

Kifungu cha Brownback hakijafutwa. Kila mwisho wa mwezi wa Mei makampuni hupeleka ripoti zake, na baadhi huandika kwamba hayakuweza kujua madini yao yalitoka wapi.