Namba za sura: Iachie kompyuta kazi ya kuhesabu

MZEE mmoja wa kijijini kwetu, si mbali na mpaka wa Kagitumba, alinijia asubuhi akiwa na kitabu chetu mkononi.

"Mwalimu," alisema, "ukurasa huu unasema habari za mdogo wangu zimo Sura ya 7. Mjukuu amenisomea Sura ya 7 yote, mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu hayumo."

Nilikipokea kitabu, nikapekua. Marehemu alikuwamo, ila katika Sura ya 8. Sura ya 7 ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa. Nilimwomba mzee radhi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kule Nakivale, mwanangu, namba ikikosewa kwenye kadi, unarudi nyumbani bila posho."

Kitabu hicho tulikiandika wenyewe, kikundi kidogo cha watu waliorejea Rwanda mwaka 1994. Mimi nilizaliwa na kusoma Nakivale, makazi yaliyofunguliwa karibu na mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mwaka 2005 eneo hilo liliingia katika wilaya mpya ya Isingiro iliyomegwa kutoka Mbarara. Hata hivyo, sisi tuliofuata wazee huko kukusanya kumbukumbu zao tulipeleka kazi yetu Mbarara mjini, kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi.

Namba zilivyopotea

Tulikuwa na sura 12, na kila namba ilichapwa kwa mkono. Siku mbili kabla ya kutoa nakala, mama mmoja wa Juru alituletea simulizi ya mwaka 1982, pale watu wenye asili ya Rwanda walipofukuzwa katika vijiji vya Mbarara na wengi wakakimbilia makambini. Simulizi hiyo isingeweza kuachwa. Tukaiingiza kuwa Sura ya 4.

Binti wa dukani alibadilisha vichwa vyote vilivyofuata, kimoja kimoja, pamoja na orodha ya yaliyomo. Lakini katikati ya maandishi kulikuwa na maneno kama "tazama Sura ya 7". Hayo hakuna aliyeyakumbuka. Kosa halikuwa la binti. Lilikuwa langu, niliyempa binadamu aliyechoka kazi ya kuhesabu huku kompyuta imekaa bure mbele yake.

Kwa nini nawaeleza haya wasomaji ambao wengi ni wafanyabiashara? Kwa sababu katiba ya chama cha akiba na mkopo nayo ina namba. Kifungu kimoja kinasema, "Atakayechelewa kulipa ataadhibiwa kwa mujibu wa kifungu cha 4.3." Wanachama wakiongeza kifungu kimoja juu yake, 4.3 inageuka kuwa habari ya posho ya katibu. Siku ya ugomvi ndipo mtajua, na fedha za watu zitakuwa mezani.

Namna ya kufanya

Dawa yake ni kwamba usiichape namba. Iambie kompyuta ni mstari upi ulio kichwa, nayo itahesabu.

Kompyuta nyingi za madukani zina Microsoft Word yenye menyu za Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, lakini ni nadra kuikuta madukani. Kwa hiyo tushike vitufe.

Kwanza, weka kishale kwenye jina la sura, kisha bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Mstari huo umekuwa kichwa cha ngazi ya kwanza. Vichwa vidogo vipe Ctrl, Alt na 2, na vilivyo chini yake 3.

Pili, kishale kikiwa kwenye jina la sura, fungua kitufe cha orodha ya ngazi nyingi, kilicho jirani na vitufe vya vitone na namba. Chagua mfano unaoonyesha 1, 1.1 na 1.1.1, kila namba ikifuatwa na neno Heading. Neno hilo lisikosekane, maana ndilo linalofunga namba na vichwa vyako. Papo hapo sura zote zitapata namba.

Ukitaka isomeke "Sura ya 1", rudi kwenye kitufe hicho, chagua kutengeneza orodha mpya, na katika kisanduku cha namba andika "Sura ya" mbele ya tarakimu yenye kivuli. Tahadhari: usiifute tarakimu hiyo ukaandika yako. Yenye kivuli huhesabu. Yako itabaki 1 milele. Wala usitegemee "Sura ya Kwanza, ya Pili", kwa sababu Word haihesabu hivyo kwa Kiswahili.

Tatu, mahali pa "tazama Sura ya 7" usichape neno. Nenda kwenye ukurasa wa menyu ulioandikwa References, fungua Cross-reference, chagua kichwa unachokitaka, na uombe namba yake. Maneno "Sura ya" yatakuja yenyewe, usiyarudie. Orodha ya yaliyomo nayo itengenezwe kutoka ukurasa huohuo wa menyu.

Nne, kabla ya kutoa nakala bonyeza Ctrl na A, kisha F9. Vichwa hujihesabu vyenyewe, lakini marejeo na orodha ya yaliyomo husubiri F9. Ukiulizwa, kubali orodha yote isahihishwe. Kama sura iliyorejewa imefutwa, Word itaandika onyo la kosa mahali pake. Onyo hilo linachukiza macho, lakini ni afadhali kuliko namba ya uongo inayopita kimya.

Wenye LibreOffice watumie Ctrl na 1 bila Alt. Mpangilio wa namba za vichwa umo katika menyu ya Tools.

Dibaji na shukrani hazihitaji namba. Zipe mtindo mwingine, si Ctrl, Alt na 1, la sivyo Shukrani zitakuwa Sura ya 1.

Toleo la pili

Nilirudi Mbarara na flashi yangu. Vichwa 13 vilichukua dakika chache. Marejeo yalichukua mchana mzima, kwa kuwa kila moja ilibidi nilitafute na kulifunga upya. Nilipomaliza nilijaribu: nikaihamisha sura moja kutoka mwisho hadi mwanzo, nikabonyeza F9. Zote zikajipanga. Nikairudisha, zikajipanga tena.

Nakala ya kwanza nilimpelekea mzee. Alimwita mjukuu, akamwambia asome palipoandikwa "tazama Sura ya 8", kisha afungue hiyo Sura ya 8. Kijana akaanza kusoma jina la marehemu. Mzee alivua kofia, akasikiliza hadi mwisho.