Kusafisha Diski Kabla ya Kuiuza au Kuitupa

Faili likifutwa kwenye kompyuta, kinachoondoka ni kumbukumbu inayoonyesha lilikohifadhiwa. Data yenyewe hubaki pale pale, na nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka nako hakuna tofauti kubwa. Programu za kurejesha faili, nyingine za bure, mara nyingi huweza kulitoa likiwa zima.

Mwaka 2003, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski 158 zilizokwisha kutumika. Zilizokuwa bado zinafanya kazi ni 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizosafishwa ipasavyo. Katika zilizobaki walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, taarifa za wagonjwa na barua za siri. Moja ilionekana kutoka kwenye mashine ya kutolea fedha, ikiwa bado na namba za akaunti za wateja.

Dawa ya diski ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka, ni kuandika sifuri au herufi zisizo na maana juu ya diski nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Wapo mafundi wanaoshikilia kwamba ni lazima kurudia mara 35. Hesabu hiyo ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyohusu teknolojia za wakati huo, na Gutmann mwenyewe alikwisha kueleza kwamba haifai kwa diski za kisasa. Mara moja inatosha, mradi kazi ifike mwisho na ikaguliwe.

Diski za SSD, zinazohifadhi data kwenye chipu badala ya sahani, zina tabia nyingine. Kwa kuwa chembe zake za kumbukumbu huchakaa kila zinapoandikwa, diski yenyewe huhamisha maandishi mapya kwenye chembe nyingine ili zichakae sawasawa. Anayedhani anaandika juu ya data ya zamani huenda anaandika pembeni yake. Hizi husafishwa kwa amri maalumu iliyomo ndani ya diski, ambayo kwa kawaida hutolewa kupitia programu ya mtengenezaji. Kinga bora zaidi ni kuisimba diski kwa nywila tangu siku ya kwanza. Ufunguo wa usimbaji huo ukiharibiwa, kinachobaki hakisomeki.

Ofisi zina mzigo mkubwa zaidi. Mwaka 2022 kitengo cha benki ya Morgan Stanley kilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 baada ya kuikabidhi vifaa vyake kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kuharibu data, na baadhi vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja. Kumlipa mtu kazi hiyo hakumwondolei mwenye data wajibu wake.

Diski iliyokufa haipokei amri yoyote, lakini data yake huenda ingali hai. Hiyo isipelekwe sokoni kama chuma chakavu: sahani zake zivunjwe, na kama ni SSD, kila chipu ya kumbukumbu isagwe.