Macho Hayangoji

Mvuvi wa Fumba hutegemea macho yake. Je, akianza kujikwaa usiku, afanye nini?

Huenda ana mtoto wa jicho. Huo hutibiwa kwa kupasuliwa. Lakini huenda retina yake inaharibika. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Hupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Chembe zake zikifa, hazioti tena.

Mwili una protini zinazosaidia neva zisife. Rita Levi-Montalcini wa Italia aligundua moja katika miaka ya 1950. Mwaka 1986 yeye na Stanley Cohen wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel.

Machi 2025 Marekani iliruhusu tiba ya protini nyingine ya namna hiyo. Daktari hupandikiza kifuko kidogo ndani ya jicho. Kifuko hicho hutoa protini polepole. Tiba hii ni ya ugonjwa mmoja tu wa retina. Hupunguza kasi ya kuharibika. Haifufui chembe zilizokufa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usingoje. Kisukari nacho huharibu retina kimyakimya. Ukiwa nacho, au usiku huoni vizuri, nenda ukapimwe macho mapema. Jicho hulindwa lingali linaona.